Injini Ileile, Mwaka Tofauti: Kwa Nini Injini ya Gari Jipya Husumbua Ndani ya Gari la Zamani

Mtu mwenye Corolla ya mwaka 2002 ambayo injini yake imekufa husikia majibu mawili yanayopingana. Muuza spea wa Gerezani jijini Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road jijini Nairobi, humwambia kwamba injini iliyotoka kwenye Corolla ya mwaka 2008 ni ileile, inaingia bila shida, tena ina nguvu zaidi kwa sababu ni ya karibuni. Fundi umeme anayeitwa baadaye, injini ikiwa imeshafungwa na taa ya njano imewaka kwenye dashibodi, humwambia kwamba ile haikuwa injini ya gari lake. Wote wawili wana sehemu ya ukweli, na mwenye gari hubaki katikati akiwa ameshalipa. Nia ya makala haya ni kueleza kila mmoja wao anazungumzia nini, ili mwenye gari ajue la kuuliza kabla hajatoa fedha.

Tuanze na maneno yenyewe. Kubadili injini ni kuondoa injini nzima na kufunga nyingine. Hilo ni tofauti na kuifanyia ovahoo, ambako bloku hubaki ileile na kubadilishwa pistoni, ringi, beringi na gasketi. Mwaka wa gari ni mwaka lilipotengenezwa, lakini kiwanda hakibadili injini kila Januari. Kiwanda hubadili magari kwa matoleo, na katikati ya toleo moja hufanya marekebisho ambayo kwa nje huonekana kama taa na bampa mpya tu, ilhali kwa ndani yanaweza kuwa yamegusa sensa, kompyuta na hata pedali ya mafuta. Ndiyo sababu magari mawili ya miaka inayofuatana yanaweza kuwa tofauti kabisa kiumeme, na mengine mawili yaliyopishana miaka minne yakawa sawa. Maneno mengine mawili ya kushika ni injini tupu na injini kamili. Injini tupu ni bloku, silinda hedi na vyote vilivyomo ndani yake. Injini kamili ni hiyo hiyo ikiwa na manifoldi, throto, sensa, nozeli, koili, nyaya zake na kompyuta inayoiendesha, ile ambayo mafundi huiita kontroli boksi. Migogoro mingi kati ya wenye magari na wauza spea ingeisha kama risiti ingesema wazi ni ipi kati ya hizo mbili iliyouzwa.

Jina la injini halitaji mwaka

Nachukua mfano wa Toyota kwa sababu ndiyo iliyojaa katika barabara zetu. Katika jina 1NZ-FE, tarakimu ya kwanza huonyesha nafasi ya injini ndani ya familia yake, NZ ni familia, F huonyesha aina ya mpangilio wa kamshafti mbili na vali uliolenga matumizi ya kawaida, na E huonyesha kwamba petroli hupulizwa na nozeli zinazoongozwa kwa umeme, si kabureta. Katika 1KZ-TE ya dizeli, T ni tabo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Katika 1KD-FTV, V ni mfumo wa komoni reli, yaani bomba moja la shinikizo linalogawia nozeli zote dizeli. Herufi moja inaweza kubeba jambo zito: 1AZ-FE na 1AZ-FSE zote ni za lita 2, ila ile yenye S ni ya mfumo wa D-4, unaopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa msaada wa pampu ya pili yenye shinikizo kubwa. Mtu anayebadili moja kwa nyingine anabadili mfumo mzima wa mafuta, hata kama bloku zinafanana.

Tazama sasa kile kisichokuwemo kwenye majina hayo. Hakuna herufi ya mwaka. Injini ya 1NZ-FE ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990 na ikaendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 15 ikiwa na ujazo uleule wa sisi (sentimita za ujazo) 1,497. Imo ndani ya Vitz, Platz, Raum, Ist, Spacio, Allion, Probox, Succeed na vizazi zaidi ya kimoja vya Corolla. Muuzaji anayesema ni injini ileile anasoma jina hilo, na hadanganyi. Bloku ni ileile, pistoni ni za kipimo kilekile, na matundu ya bolti za giaboksi yako mahali palepale. Vilivyobadilika ni vile vinavyoizunguka, na ndivyo vinavyoamua kama gari litatembea vizuri.

Throto, mahali pa kwanza pa kutazama

Fungua boneti ya gari la 1NZ-FE la miaka ya mwanzo. Kwenye throto, yaani ule mlango wa hewa unaoingia kwenye injini, utaona ubavuni kigurudumu kidogo kilichozungukwa na kebo ya chuma. Kebo hiyo inatoka moja kwa moja kwenye pedali ya mafuta. Ukikanyaga, kigurudumu kinageuka na mlango unafunguka. Chini ya throto kuna kifaa kingine kidogo cha umeme kinachopitisha hewa ya kutosha kuifanya injini iendelee kunguruma wakati hujakanyaga kitu.

Sasa fungua boneti ya gari la miaka ya baadaye lenye injini ya jina hilohilo. Kigurudumu hakipo, kebo haipo. Badala yake throto ina kifuniko cha plastiki nyeusi, ndani yake mota ndogo, na soketi yenye nyaya sita: mbili za kuizungusha mota na nne za kutoa taarifa kwamba mlango umefunguka kiasi gani. Ukikanyaga pedali, huvuti kitu chochote. Pedali yenyewe ina sensa inayoipelekea kompyuta ujumbe, kompyuta hupima hali ya injini, kisha huamuru mota ifungue mlango. Kile kifaa kidogo cha kulinda ngurumo nacho hakipo, kwa kuwa mota ya throto imechukua kazi yake.

Mwenye Corolla ya kebo akifungiwa injini hii jinsi ilivyo, kebo yake haina pa kufungwa. Kompyuta yake ya zamani haijui kuiendesha mota, wala pedali yake haina sensa ya kusema chochote. Hakuna ufundi wa kuunganisha nyaya utakaoifundisha kompyuta ya zamani kazi ambayo haikutengenezwa kuifanya. Linaloweza kufanyika ni jambo moja kati ya mawili, nitayaeleza hivi punde.

Tofauti ya throto angalau huonekana kwa macho. Nok sensa haionekani kirahisi. Hii ni sensa inayokaa kwenye bloku na kusikiliza mlio wa mafuta yanayolipuka vibaya ndani ya silinda. Ikisikia mlio huo, kompyuta hurudisha taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, nyuma ili kuilinda injini. Katika injini nyingi za Toyota za zamani sensa hii hufungwa kwa kuzungushwa kama plagi na ina waya mmoja, wakati katika zile za baadaye ni bapa kama kitumbua chenye tundu, hushikwa kwa bolti iliyopita katikati na ina nyaya mbili. Ishara inazotoa hazifanani. Fundi akikata soketi na kuunganisha waya mmoja kwa mmoja, injini itawaka na kunguruma vizuri, na mteja ataondoka akiwa ameridhika. Baada ya siku chache taa ya injini itawaka, mashine ya kupimia itasoma P0325, ambayo ni hitilafu ya mzunguko wa nok sensa, na kompyuta, kwa kuwa haisikii kitu, itaamua kurudisha taimingi nyuma muda wote. Gari litakuwa zito mlimani na litakula mafuta. Mwenye gari atasema injini aliyouziwa imechoka, ilhali injini ni nzima na ilichokosa ni sikio. Nasikitika kila ninapoona injini nzuri ikitolewa na kuuzwa kama chuma chakavu kwa sababu ya kosa la soketi moja.

Sensa za kwenye ekzosi nazo zina mtego wa namna hii. Ile ya kawaida ya oksijeni na ile ya kupima uwiano wa hewa na mafuta zinaweza kuwa na umbo moja na nyaya nne kila moja, lakini kompyuta iliyozoea moja haiwezi kusoma nyingine.

Kwa hiyo injini ya mwaka mwingine inafanana na mlango uliochongwa kwa kipimo sahihi cha fremu yako, ila bawaba ziko upande wa pili na kitasa kinataka ufunguo usio nao. Aliyepima upana na urefu hakukosea. Hakupima vyote.

Njia mbili zinazofanya kazi, na ya tatu inayoharibu

Njia ya kwanza ni kuivisha injini mpya vifaa vya gari la zamani. Unanunua ile ya mwaka wa karibuni kama injini tupu, kisha fundi anahamishia juu yake manifoldi ya hewa, throto ya kebo, nok sensa, koili, nozeli na sensa zote zilizokuwa kwenye injini yako iliyokufa, pamoja na nyaya zako mwenyewe. Kompyuta ya gari lako inaamka na kukuta kila kitu inachokijua. Kwa injini zilizobaki katika familia na jina moja, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa mtu wa kawaida, kwa sababu gharama yake ni ndogo na fundi yeyote makini anaweza kuifanya. Sharti lake ni kwamba injini ya zamani isiuzwe wala kutupwa kabla kazi haijakwisha. Wako watu waliokubali kupunguziwa bei kwa kuacha injini yao dukani, halafu wakagundua kwamba kila walichokihitaji kilikuwa juu ya ile waliyoiacha.

Fundi asiyefikiri sana anaweza kukwama hata hapa. Sensa za kamshafti na krankshafti husoma meno ya gurudumu lililo ndani ya injini, na kama idadi au mpangilio wa meno ulibadilika kati ya miaka hiyo miwili, gurudumu nalo lihamishwe. Kabla injini haijashuka kwenye gari, vipande hivyo viwekwe mezani, cha zamani na kipya bega kwa bega, vihesabiwe meno.

Njia ya pili ni kinyume chake: kuleta kila kitu. Unanunua injini pamoja na kompyuta yake, nyaya zake zote, pedali yake na throto yake, na mara nyingi pamoja na giaboksi yake. Ndiyo sababu ya biashara ya magari yaliyokatwa nusu yanayoletwa kutoka Japani, ambayo wauzaji huyaita hafukati. Anayenunua nusu ya mbele hanunui injini tu, ananunua mazungumzo yote yaliyokuwa yakiendelea kati ya injini na gari lake la asili. Njia hii ni nzuri, lakini ni ndefu. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni zina mfumo wa kuzuia wizi unaotambua funguo zilizosajiliwa, kwa hiyo bila ufunguo wa asili au fundi mwenye kifaa cha kusajili upya, injini haitawaka. Dashibodi ya zamani huenda ikakosa ishara ya spidi au ya joto. Na kama gari la asili lilikuwa na giaboksi ya mkanda wa CVT, kama zilivyo Corolla Axio nyingi, kompyuta yake itaitafuta giaboksi hiyo na kulalamika isipoipata.

Njia ya tatu ndiyo inayofuatwa sana: kufunga injini mpya na kompyuta ya zamani, au ya zamani na kompyuta mpya, halafu kukata na kuunganisha nyaya mpaka iwake. Injini kuwaka si ushahidi kwamba kazi imekamilika. Injini ya petroli inaweza kuwaka ikiwa inapata mafuta, hewa na cheche kwa wakati unaokaribia kuwa sawa. Ubora wa kazi huonekana kwenye mlima, kwenye foleni ya saa nane mchana na kwenye kituo cha mafuta.

Imani hii ilitoka kwenye dizeli

Wanaosema kwamba injini ni injini hawakuitoa kauli hiyo hewani. Kwa miaka mingi, mafundi wa daladala na matatu za Hiace na wa pikapu za Hilux walifanya kazi na familia ya L: 2L ya sisi 2,446, 3L ya sisi 2,779 na 5L ya sisi 2,986. Injini hizo ni ndugu wa karibu sana. Pampu ya dizeli huendeshwa kimakanika, nozeli hufunguka kwa nguvu ya mafuta yenyewe, na kwa matoleo ya kawaida hakuna kompyuta inayotakiwa. Mwenye Hiace ya 2L aliyechoka kupitwa na kila gari mlimani aliweza kuweka 3L au 5L, akaunganisha bomba la mafuta, waya wa kuzimia, waya wa plagi za joto na kebo, akaondoka.

Hata hapo kulikuwa na mambo ya kuangalia, ingawa ni ya chuma na yanaonekana. Mauntingi, yaani vishikizo vya injini kwenye gari, za Hilux si za Hiace. Umbo la sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, hutofautiana kufuatana na gari, na anayehamisha sampu lazima ahamishe na bomba la kunyonyea oili, kwa sababu bomba refu litagota kwenye sakafu ya sampu ngeni na fupi litanyonya hewa gari likipanda mlima, na injini hufa kwa kukosa oili ilhali kijiti kinaonyesha imejaa. Tena 5L hutoa joto zaidi kuliko 2L, kwa hiyo rejeta iliyotosha zamani haitoshi tena.

Uzoefu huo ulikuwa sahihi kwa injini zile. Kosa ni kuupeleka kwa 1KZ-TE, ambayo pampu yake inaongozwa na kompyuta, na zaidi sana kwa 1KD-FTV ya komoni reli, ambamo dizeli hukaa ndani ya bomba la chuma kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,000 na kila nozeli hufunguliwa kwa umeme kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Injini hiyo bila kompyuta yake haiwezi kupuliza hata tone. Fundi aliyefunga 5L nyingi kwa mafanikio ni fundi kweli, lakini kabla ya kumkabidhi 1KD muulize nani atashughulika na umeme.

Yanayosemwa sana

Husemwa kwamba injini ya mwaka wa karibuni hulifanya gari kuwa jipya. Mwaka wa gari haubadiliki. Breki, bushi, shokapu, bodi na nyaya za mwilini ni za umri uleule, na kama injini mpya ina nguvu kubwa zaidi kuliko ile ya kiwandani, breki hizo sasa zimepewa kazi ambayo hazikupangiwa. Klachi na giaboksi pia. Anayeongeza nguvu apange bajeti ya kusimamisha gari kabla ya bajeti ya kulikimbiza.

Husemwa pia kwamba injini iliyotoka Japani haijatembea sana. Injini haiji na mita yake, kwa sababu kilomita zilibaki kwenye dashibodi ya gari lililokatwa. Kinachoweza kusema ukweli ni kupima kompresheni ya kila silinda na kuona kama zinakaribiana, kufungua kifuniko cha oili na kutazama kama kuna utando mweusi mzito, na kutafuta alama za maji au kutu kwenye njia za kupozea. Muuzaji anayekataa vipimo hivi amekwisha kukujibu.

Na husemwa kwamba injini ikitoka gari jingine la Toyota itaingia tu kwa kuwa zote ni Toyota. Anayetoa 5A-FE kwenye Corolla ya toleo la AE110 na kuweka 1NZ-FE atakuta kwamba ekzosi ya ile ya kwanza ilikuwa mbele, upande wa rejeta, na ya hii iko nyuma, upande wa abiria, kwa hiyo mabomba yote ya moshi yanatengenezwa upya, pamoja na mauntingi na njia ya hewa. Linawezekana. Ila hiyo si kazi ya siku moja chini ya mwembe, na bei ya muuzaji haikuihesabu.

Karatasi

Kadi ya gari Tanzania ina namba ya chesesi, namba ya injini na ujazo wa injini, na rejista hutunzwa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Kenya kazi hiyo iko kwa NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama, na hati ya umiliki nayo hubeba namba ya injini. Ukibadili injini, namba iliyochongwa kwenye bloku haitalingana tena na kadi, hata kama jina la injini ni lilelile. Watu wengi huamini kwamba 1NZ kwa 1NZ haihitaji taarifa. Jina ni la aina, namba ni ya injini moja tu duniani, na anayekagua husoma namba.

Tofauti hiyo isiporekebishwa, huweza kukaa kimya kwa miaka, kisha ikaibuka siku ya kuuza gari, siku ya ukaguzi wa polisi, au siku mbaya zaidi, ya kudai bima baada ya ajali. Ikitokea kwamba injini ilitoka kwenye gari lililoibwa, aliyekutwa nayo ndiye atakayeanza kujieleza. Kwa hiyo kabla ya kulipa, safisha mahali namba ilipochongwa, ambapo mara nyingi ni kwenye bloku karibu na inapokutana na giaboksi, ipige picha, na uhakikishe haijakwanguliwa. Dai risiti yenye jina la duka, jina na namba ya injini, na maelezo kama ni tupu au kamili, pamoja na nakala ya karatasi za uingizaji wa mzigo ule kama imetoka nje. Baada ya kufunga, peleka karatasi hizo na gari lenyewe kwenye ukaguzi na uombe taarifa za usajili zibadilishwe, ukianza kwa kuuliza ofisi husika wanataka nini kabla injini ya zamani haijaondoka kwenye gereji, kwa kuwa mkaguzi anaweza kutaka kuiona.